Mbawakawa Aliyeamka Kwenye Pini: Uchambuzi wa Kisa cha Mdudu na Friza

Mbawakawa watatu wa aina moja, weusi, kila mmoja akiwa na urefu wa sentimita mbili hivi, walikusanywa chini ya gome la gogo lililokuwa linaoza na kuwekwa kwenye vichupa viwili vya kioo. Mmoja alikaa peke yake katika kichupa kikavu kilichozibwa kwa pamba. Wawili waliobaki walikaa pamoja katika kichupa cha pili, juu ya kipande cha karatasi nilichokilowesha maji ili miili yao isikauke kabla sijapata nafasi ya kuwashughulikia. Vichupa vyote viwili vilikaa siku mbili kwenye friji, penye nyuzi 4 hivi za Selsiasi, na usiku wa siku ya pili, saa nne kasorobo, nilivipanga ndani ya boksi la povu, nikajaza pamba pande zote ili visigongane, nikafunga kifuniko na kuliingiza boksi katika friza iliyowekwa nyuzi 18 chini ya sifuri.

Saa moja asubuhi niliwatoa. Wote watatu walikuwa wameikunja miguu kifuani, vipapasio vimelala, na hakuna aliyetikisika nilipomgusa kwa ncha ya brashi. Katika daftari la mkusanyiko wangu wa wadudu, mbele ya namba za wote watatu, nikaandika maneno ninayoyaandika siku zote: «ameuawa kwa kugandishwa». Kisha nikaanza na yule wa kichupa kikavu. Pini ikapita kwenye bawa gumu la kulia, kama ilivyo kawaida kwa mbawakawa, nikamnyoosha miguu juu ya ubao na kwenda kunawa mikono. Niliporudi, ilikuwa saa mbili na robo, kipapasio cha kushoto kilikuwa kinachora duara dogo hewani. Dakika chache baadaye mguu mmoja wa mbele ulijikunja, ukajikunjua, ukapapasa hadi ukaufikia ubao na kuushika.

Wale wawili wa kichupa chenye karatasi hawakuamka siku hiyo wala siku iliyofuata.

Kila niliyemsimulia kisa hiki aliuliza swali lile lile: kumbe mdudu anaweza kugandishwa na akaishi? Jibu ni kwamba wapo wadudu wanaoweza, tena kwa namna ya kushangaza, na nitawafikia. Lakini kwa mbawakawa huyu swali hilo linaruka hatua moja. Kabla ya kuuliza alinusurikaje baada ya kuganda, ilinipasa kuuliza kama aliganda kweli.

Neno lenyewe lina sehemu yake katika kosa hili. Kwa Kiswahili maji huganda yanapokuwa barafu, damu huganda inapotoka kwenye jeraha, mtu huganda pale hofu inapomshika, na hata kompyuta iliyogoma kuitika huambiwa imeganda. Mdudu aliyetoka kwenye friza akiwa mgumu, baridi na asiyesogea anastahili neno hilo kwa maana ya kawaida, na hakuna atakayelipinga. Kwa mtu anayetaka kujua kama amekufa, hata hivyo, neno moja limefunika hali tatu zilizo mbalimbali kabisa, na mdudu anaweza kupita katika hali mbili za mwanzo bila chembe moja ya barafu kutokea mwilini mwake.

Hali ya kwanza ni ganzi. Mdudu hana tanuri la ndani la kumpasha joto anapotulia, kwa hiyo mwili wake hufuata joto la mahali alipo. Anapopoa, pampu ndogo zilizomo katika utando wa seli zake, zile zinazotoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu ndani, hupungua kasi, umeme wa neva huyumba na hatimaye huzimika, na misuli hukosa amri. Kwa nzi wadogo wa matunda wanaofugwa maabara jambo hili hutokea kukiwa bado na nyuzi kadhaa juu ya sifuri. Miguu hujikunja, mwili hulala ubavu, na mtazamaji huona maiti. Akirudishwa penye joto, mdudu husimama baada ya dakika kadhaa, na muda huo wa kusimama ndio watafiti wengi wanaoutumia kama kipimo cha ustahimilivu wake wa baridi. Kwa maana hiyo, kumgusa mdudu baridi kwa brashi na kuona hasogei hakumwambii mtu lolote zaidi ya kwamba mdudu huyo ni baridi.

Hali ya pili ndiyo yenye mvuto zaidi, na ndiyo watu wengi wasioitarajia. Maji yanayoyeyuka kwenye sifuri hayalazimiki kuganda kwenye sifuri. Ili barafu ianze inahitaji chanzo, mahali ambapo molekuli chache za maji zitajipanga kwa mpangilio wa fuwele na kuzivuta nyingine zijiunge. Katika ndoo ya maji chanzo hicho hakikosekani, kwa kuwa kuna vumbi, kuna mikwaruzo ya ndoo, kuna uchafu. Tone dogo sana la maji safi, kinyume chake, linaweza kupoa hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri likiwa bado kimiminika. Mdudu ni tone dogo lililofungwa ndani ya gamba lenye nta. Majimaji ya mwili wake yana chumvi na sukari, hivyo kiwango chake halisi cha kuyeyuka kiko chini kidogo ya sifuri, pengine nusu nyuzi au nyuzi moja. Lakini anaweza kushuka mbali sana chini ya hapo na bado damu yake ikabaki kimiminika. Wadudu wengi ambao hawajajiandaa kwa majira ya baridi huganda mahali fulani kati ya nyuzi 5 na nyuzi 20 chini ya sifuri, kutegemea ukubwa wa mwili, kilichomo tumboni na kilichowagusa kwa nje.

Hali ya tatu ni kuganda kwenyewe, barafu ndani ya mwili, na inapoanza haina siri. Maji yanapogeuka barafu hutoa joto, jouli 334 kwa kila gramu. Waya mwembamba wa kupimia joto ukiwa umebandikwa kwenye ngozi ya mdudu, utaonyesha mstari ukishuka taratibu, tuseme hadi nyuzi 9 chini ya sifuri, kisha ghafla ukiruka juu hadi karibu na nyuzi 1 chini ya sifuri na kukaa hapo kwa muda kabla ya kuanza kushuka tena. Mruko huo ndio ushahidi. Mwanafizikia Mrusi Porfiry Bakhmetiev, aliyefundisha Sofia, Bulgaria, aliuona mwishoni mwa karne ya 19 kwa kutumia vipimajoto vya umeme juu ya vipepeo, na hadi leo watafiti wa wadudu na baridi wanautafuta kwa njia ambayo haijabadilika sana. Asiye na mstari huo anakisia tu, kama nilivyokuwa nikikisia mimi nilipoandika katika daftari.

Waya huo sikuwa nao ndani ya boksi usiku ule. Nilichoweza kufanya ni kurudia mazingira bila mbawakawa. Kwa usiku mbili mfululizo niliweka kipimajoto chenye kumbukumbu ndani ya kichupa kikavu kilekile, pamba ileile, boksi lilelile la povu, saa ileile. Usiku wote wawili joto ndani ya kichupa lilifika sifuri karibu na saa nane za usiku, na saa moja asubuhi lilikuwa kati ya nyuzi 5 na 6 chini ya sifuri. Friza ilisema 18, boksi likasema 6. Povu na pamba ni vitu vya kuzuia joto lisipite, nami nilikuwa nimemvisha mbawakawa koti zito kabla ya kumpeleka kwenye baridi, kisha nikashangaa kwamba baridi haikumuua.

Kwa hesabu hiyo mbawakawa wa kichupa kikavu alikaa chini ya sifuri kwa saa tano hivi, na sehemu ya chini kabisa aliyofika ni ile ambayo ndiyo kwanza wadudu wasiojiandaa huanza kuganda. Ndani ya kichupa hapakuwa na tone la maji wala ukungu wa barafu kwenye kioo. Hakuna kitu cha nje kilichoweza kuanzisha barafu mwilini mwake. Maelezo yanayotosha ni kwamba alikuwa katika hali ya pili: baridi kupita sifuri, kimiminika, amekufa ganzi, hajaganda.

Karatasi yenye maji ndiyo inayoupa usomaji huu nguvu zaidi kuliko kipimajoto. Wale wawili walikuwa boksi lilelile, usiku uleule, aina ileile, na walikaa friji siku zilezile mbili. Nilipokifungua kichupa chao asubuhi karatasi ilikuwa ngumu kama kigae, na mguu mmoja wa nyuma wa mmoja wao ulikuwa umeshikwa na barafu hiyo kiasi kwamba ilibidi nisubiri iyeyuke ili nimtoe. Sikulipa jambo hilo uzito wowote wakati ule. Barafu ya nje inapomgusa mdudu aliyepoa kupita kiwango, fuwele zake huweza kupenya kwenye maungio laini ya gamba, mdomoni au kwenye matundu ya kupumulia, na zikishaingia hazihitaji kutafuta chanzo, kwa sababu zenyewe ni chanzo. Majimaji ambayo yangevumilia nyuzi 6 chini ya sifuri usiku kucha bila kuganda huganda kwa dakika chache. Kufikia adhuhuri miili yao ilikuwa laini na imelegea, na kwenye ungio la kiuno cha mmoja kulikuwa na unyevunyevu wa kahawia uliochuruzika kutoka ndani, dalili ya tishu zilizopasuka. Hao ndio walioganda. Maandishi ya daftari yalikuwa sahihi kwao, ila kwa sababu ambayo mwandishi wake hakuijua.

Mbawakawa watatu si wengi, na sitajifanya kwamba kichupa kimoja dhidi ya kingine ni jaribio. Hata hivyo tofauti moja pekee iliyoonekana kati ya vichupa viwili ndiyo ile ambayo nadharia ingeichagua.

Kuna jambo la pili lililomsaidia aliyeamka, nalo ni zile siku mbili za friji, ambazo mimi nilizihesabu kama kungoja tu. Mwaka 1987 Richard Lee, Cheng-Ping Chen na David Denlinger walionyesha jambo la ajabu kwa nzi wa nyama wa aina ya Sarcophaga crassipalpis. Nzi waliotolewa moja kwa moja kutoka kwenye joto la kawaida na kuwekwa kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri kwa saa mbili walikufa. Waliotangulizwa kwanza penye sifuri kwa muda mfupi walipona, na hata dakika 10 tu za kutangulizwa zilitosha kuleta nafuu. Nzi wale hawakuganda katika hali yoyote kati ya hizo, kwa kuwa kiwango chao cha kuganda kiko chini zaidi ya hapo. Kilichowaua wa kundi la kwanza ni mshtuko wa baridi wenyewe: tando za seli zilizopoteza ulaini, madini yaliyovuja upande usiotakiwa, seli zilizoanza kujiua. Matokeo hayo yanatufundisha mambo mawili kwa pamoja, kwamba mdudu anaweza kufa kwa baridi bila barafu, na kwamba anaweza kujiimarisha ndani ya dakika chache akipewa onyo. Friji yangu ilikuwa onyo la saa 48. Kwa upande wa chakula, mdudu mwenye tumbo tupu huwa na vyanzo vichache vya barafu ndani yake kuliko aliyeshiba, kwa kuwa mabaki ya chakula, punje za udongo na baadhi ya bakteria, mfano Pseudomonas syringae anayeweza kuanzisha barafu nyuzi 2 tu chini ya sifuri, huwa vyote vimo kwenye utumbo. Ila kwenye nyuzi 4 mmeng'enyo wenyewe huenda polepole sana, kwa hiyo sitaki kuipa hoja ya njaa uzito mkubwa katika kisa hiki.

Sasa wale wanaoganda kweli na kuishi. Mfano ninaoupenda uko kwenye mmea mmoja wa Amerika Kaskazini wa jenasi ya Solidago, kwa sababu katika mashina ya mmea huo hukaa wadudu wawili waliolitatua tatizo moja kwa njia zinazopingana. Wa kwanza ni nzi Eurosta solidaginis. Buu wake hukaa ndani ya uvimbe wa mviringo unaoota kwenye shina, na majira ya baridi yanapokaribia hugeuza akiba yake ya glaikojeni, yaani wanga wa mwilini, kuwa gliseroli na sorbitoli, vitu vya jamii ya sukari vinavyoyeyuka katika maji ya mwili, kisha, nyuzi chache tu chini ya sifuri, karibu na 8 au 10, huganda. Huganda kabisa, mwili ukawa mgumu kama punje ya mchanga, na hukaa hivyo huku baridi ikishuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi. Machipuko yakija huyeyuka, hugeuka pupa, hatua iliyo kati ya buu na mdudu mzima, na nzi mzima hutoka. Wa pili ni nondo Epiblema scudderiana, ambaye kiwavi wake hukaa ndani ya uvimbe mwembamba mrefu kwenye mmea uleule. Huyu naye hujijaza gliseroli, kwa wingi zaidi, lakini kwa lengo la kutoganda kamwe: majimaji yake hubaki kimiminika hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri, na siku barafu itakapoanza ndani yake ndiyo siku ya kifo chake.

Kinachomwezesha buu wa nzi kuvumilia barafu ni mahali barafu inapokaa na mwendo inaokuja nao. Kwa kawaida fuwele hukua katika majimaji yaliyo kati ya seli. Kadiri maji hayo yanavyogeuka barafu, yaliyobaki huwa mazito kwa chumvi na sukari, nayo huvuta maji kutoka ndani ya seli, zikanywea. Seli ikinywea kupita kiasi utando wake huharibika. Gliseroli na sorbitoli hupunguza kiasi cha maji yanayoweza kuganda kwa kila nyuzi, hivyo seli hunywea kwa kiwango inachoweza kustahimili, na barafu haipati njia ya kuingia ndani. Kanuni hiyo ina mwanya wake. Mtafiti wa Kanada R. W. Salt alionyesha mwaka 1959 kwamba seli za mafuta za buu huyu huyu huganda hata ndani, na bado huishi, jambo ambalo lingehesabiwa kuwa hukumu ya kifo kwa karibu seli yoyote nyingine ya mnyama.

Wengi hushangazwa na hoja inayofuata, nami ilinichukua muda kuizoea: mdudu mwenye uwezo wa kuvumilia barafu kwa kawaida huikaribisha mapema. Mwaka 1976 Karl Erik Zachariassen na Harold Hammel waligundua kwamba damu ya mbawakawa fulani wanaovumilia barafu ina chembe zinazoanzisha barafu kwa makusudi, kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri. Sababu yake ni mwendo. Barafu inayoanza kwenye nyuzi 6 chini ya sifuri hukua taratibu na kuzipa seli muda wa kutoa maji. Barafu inayolipuka kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hujaa mwilini kabla seli hazijajua kilichotokea. Mwenye kuikimbia barafu huondoa vyanzo, hutoa uchafu tumboni, na wengine hutengeneza protini zinazojibandika kwenye fuwele changa na kuzizuia zisikue, protini ambazo miongoni mwa wadudu zilitambuliwa kwanza kwa mbawakawa Tenebrio molitor katika miaka ya 1960. Mwenye kuivumilia hufanya kinyume.

Hapa ndipo kisa changu kinapopinduka, kwa sababu friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri haipimi uwezo wa kuvumilia kuganda hata kidogo. Mchukulie Hemideina maori, mdudu mkubwa asiye na mabawa wa jamii ya nyenje anayeishi kwenye milima ya Kisiwa cha Kusini cha New Zealand, ambako barafu inaweza kuanguka usiku wa mwezi wowote wa mwaka. Huyu huganda hadi asilimia 82 ya maji ya mwili wake inakuwa barafu, kisha jua likichomoza huyeyuka na kutembea. Ni mfano kamili wa mdudu aliyeganda akaishi. Kikomo chake ni karibu nyuzi 10 chini ya sifuri, na kwenye friza ya kawaida atakufa. Mchukulie kwa upande mwingine yule kiwavi wa nondo wa Solidago katikati ya majira ya baridi, asiyeweza kuvumilia hata chembe ya barafu: atatoka kwenye friza hiyohiyo salama, kwa kuwa nyuzi 18 kwake ni mbali na kikomo. Mtu atakayeamua kwa friza peke yake nani anavumilia kuganda atampa cheti asiyestahili na kumnyima anayestahili.

Majira nayo hubadilisha majibu. Buu wa Eurosta wa katikati ya kiangazi hana gliseroli ya kumlinda na hufa kwa baridi ambayo nduguye wa miezi michache baadaye hatasumbuka nayo. Viwavi wa nondo wa Aktiki Gynaephora groenlandica, wanaokua kwa miaka kama 7 kwa sababu kila kiangazi chao ni wiki chache tu, hustahimili nyuzi 70 chini ya sifuri wakiwa wameganda, lakini hiyo ni baada ya maandalizi. Mbawakawa mwekundu bapa wa Alaska, Cucujus clavipes puniceus, hujikausha na kujijaza gliseroli na protini za kuzuia barafu hadi majimaji yake huweza kupoa karibu nyuzi 58 chini ya sifuri bila kuganda; na baadhi yao mwilini mwao maji hayageuki fuwele hata yakipozwa zaidi, hugeuka kitu kama kioo, na wamepimwa wakiwa hai baada ya kufikishwa nyuzi 100 chini ya sifuri.

Mifano ya mbali zaidi hutajwa mara nyingi bila maelezo, na ndipo inapopotosha. Mwaka 1960 Howard Hinton alieleza jinsi mabuu ya usubi wa Afrika, Polypedilum vanderplanki, walivyotumbukizwa kwenye heliamu ya kimiminika, karibu nyuzi 270 chini ya sifuri, na wakafufuka baadaye walipowekwa majini. Mabuu hao walikuwa wamekaushwa kwanza, kama wanavyokauka wenyewe madimbwi ya miambani yanapokauka, na sukari ya trehalosi ikiwa imechukua nafasi ya maji. Hapakuwa na cha kuganda. Kisa cha nzi mdogo Chymomyza costata ni kigumu zaidi kukipuuza, kwani mwaka 2011 Vladimír Koštál na wenzake walionyesha kwamba mabuu yake waliozoezwa baridi, waliojaa asidi amino ya prolini na kugandishwa kwanza polepole, waliendelea kuishi baada ya kutumbukizwa kwenye nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na baadhi yao wakafikia utu uzima.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito kuliko nyuzi zote. Kwa watu wanaofanya kazi hii, mdudu aliyetikisa mguu saa moja baada ya kuyeyuka hajahesabiwa kuwa amenusurika. Wengine hutikisika siku moja na kufa ya tatu. Wengine huishi wiki kadhaa na kushindwa kugeuka pupa, au hutoka wakiwa na mabawa yaliyokunjamana. Ndiyo maana kwa buu wa Eurosta kipimo kinachoaminika ni nzi mzima kutoka nje ya uvimbe wake.

Mbawakawa wangu nilimchomoa pini siku ileile na kumweka kwenye kopo lenye vipande vya gome na unyevu kidogo. Sikujisikia vizuri kumwacha pale alipokuwa, ingawa najua kwamba hilo halibadilishi mengi. Siku ya kwanza alitembea, akiburuta mguu wa nyuma wa kushoto ambao haukuamka kamwe. Siku ya pili alijificha chini ya gome kama ilivyo tabia yake. Siku ya nne asubuhi nilimkuta chali. Shimo la pini na saa tano za baridi ziko pamoja katika mwili mmoja, na kifo chake hakiwezi kugawanywa kati yao.

Utaratibu niliokuwa nikiufuata umebadilika katika mambo machache. Friji haitangulii tena friza, kwa sababu sasa najua inachofanya. Vielelezo vinafungwa kwenye mfuko mwembamba wa plastiki uliobanwa hewa badala ya kuvishwa povu, na siku zinahesabiwa tangu kipimajoto kilichomo katikati ya kifurushi kifike kiwango kinachotakiwa, si tangu mlango wa friza ufungwe. Makumbusho yanayotumia baridi kuua wadudu waharibifu wa mikusanyiko hushusha joto hadi nyuzi 30 chini ya sifuri kwa siku tatu hivi, au nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili, na hesabu hizo nilizokuwa nikiziona za kupita kiasi zimepata maana. Usiku mmoja hautoshi, na kugusa kwa brashi si kipimo.

Daftari nalo limesahihishwa. Namba mbili za kwanza zimebaki na maneno yake, na pembeni nimeongeza «kwa kuguswa na barafu ya karatasi». Ya tatu nimeipiga mstari mmoja, ili kosa lisomeke, na chini yake nimeandika: «Aliwekwa kwenye friza usiku mmoja, nyuzi 5 hadi 6 chini ya sifuri. Hakuganda. Alikufa siku ya nne.»